Magadi ndani ya mchanga wa Bennu

Ndani ya gramu 121.6 za mchanga na kokoto zilizoletwa duniani kutoka Bennu, asteroidi (jiwe la angani linalozunguka jua), mna magadi. Jina lake la kitaalamu ni trona, yaani sodiamu kaboneti na bikaboneti zilizoshikana na maji. Ni madini yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado, yanayokauka kandokando ya Ziwa Natron, na yanayopimwa kwa kopo sokoni kwa ajili ya kulainishia maharage, kande na kisamvu. Matokeo hayo yalitangazwa tarehe 29 Januari 2025 katika jarida la Nature, na timu iliyoongozwa na Tim McCoy wa makumbusho ya Smithsonian, Marekani, pamoja na Sara Russell wa Makumbusho ya Historia ya Asili, London.

Siku hiyo magazeti mengi yalichukua habari ya pili, ile ya asidi amino na molekuli za vinasaba, na nitaifikia. Lakini kwangu chumvi ndiyo habari kubwa zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, inasimulia hali ya maji yaliyokauka miaka bilioni 4.5 iliyopita, hatua kwa hatua. Pili, ni kitu ambacho kingetoweka chote kama sampuli ingeachwa kwenye hewa ya kawaida. Kila bolti, kila kichujio na kila uamuzi wa safari ya miaka 7 iliyouleta mchanga huo unaeleweka vizuri ukianzia kwenye chumvi.

Zamu ya kuganda

Tuanze na Ziwa Magadi, maana pale mambo yanaonekana kwa macho. Mvua inayonyesha juu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyeyusha sodiamu na bikaboneti kidogo kidogo, hupenya chini, hupata joto, kisha hutoka tena kwenye chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa. Kalsiamu na magnesiamu huganda mapema, zikiwa bado njiani, kwa hiyo maji yanayofika ziwani yamejaa sodiamu. Ziwa halina mto unaotoka. Jua hunyonya maji kuliko mvua inavyoyarudisha, na chumvi huganda kwa zamu: trona hutangulia, chumvi ya mezani hufuata mwishoni, maji yanapokuwa yamebaki kidogo na mazito. Tangu 1911 biashara nzima ya kuchimba soda pale imesimama juu ya zamu hiyo.

Unaweza kuiona nyumbani. Chukua gramu 100 za magadi ya mawe, uyaponde, ukoroge ndani ya nusu lita ya maji vuguvugu kwa dakika 10, uache tope litulie, halafu uchuje kwa kitambaa kizito au karatasi ya kuchujia kahawa. Mimina kwenye sahani pana ya kioo. Sufuria ya alumini haifai: maji ya magadi huila alumini, na utapata uchafu wa kijivu badala ya fuwele. Weka sahani kivulini penye upepo na uifunike kwa kipande cha chandarua. Usichemshe ili kuharakisha, kwani moto huifukuza hewa ya ukaa na trona hugeuka sodiamu kaboneti tupu. Hilo hufanywa makusudi kwenye matanuru ya kiwanda cha Magadi, kupata soda ya kutengenezea vioo, lakini kwako litaharibu jaribio. Sindano nyeupe zitaanza pembeni mwa sahani. Maji ya mwisho yanayobaki katikati uyamimine kwenye kisahani kingine, yakauke peke yake. Ukiyatazama kwa lenzi ya mkono utakuta vipande vya umbo la mchemraba, na hivyo ni chumvi ya kawaida.

Usionje. Magadi ya mawe mara nyingi huwa na floraidi nyingi, na meno yenye madoa ya kahawia yanayoonekana sana Arusha na Kilimanjaro yana uhusiano na floraidi ya maji na ya magadi pia. Floraidi nayo imo ndani ya mchanga wa Bennu.

Mtu wa Pwani akifanya jaribio hili msimu wa masika atagundua jambo la tatu: sahani haikauki, na hata chumvi iliyokwisha kukauka hurudi kulowa. Shika jambo hilo.

Ziwa lisilo na jua

Bennu ni rundo la mawe lenye upana wa takriban mita 490, lililogunduliwa tarehe 11 Septemba 1999. Ni dogo mno kuweza kuwa na maji. Maji yalikuwa kwenye mama yake, asteroidi kubwa zaidi iliyovunjwavunjwa na mgongano, na baadhi ya vipande vyake vikakusanyika tena vikawa Bennu. Mama huyo alijengwa kwa vumbi, miamba na barafu wakati jua lenyewe lilikuwa changa. Ndani yake mlikuwa na alumini-26, aina ya alumini yenye mnunurisho ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka takriban 700,000. Joto lake lilitosha kuyeyusha barafu.

Maji hayo yalifanya kazi ile ile yanayoifanya chini ya Bonde la Ufa. Yaliishambulia miamba na kuigeuza udongo wa mfinyanzi, na sehemu kubwa ya sampuli ya Bennu ni udongo wa namna hiyo. Magnesiamu ikaingia kwenye udongo, kalsiamu ikaganda kama kaboneti, sodiamu ikabaki majini. Kisha maji yaliyobaki ndani ya mifuko na nyufa yakaanza kupungua. Chini ya hadubini ya elektroni watafiti wanaona zamu nzima imehifadhiwa: fosfeti, kaboneti za sodiamu pamoja na trona, salfeti, kloraidi ya sodiamu na ya potasiamu, floraidi. Kwa jumla walitambua madini 11 yaliyoganda kutoka kwenye maji hayo ya chumvi. Mlolongo kamili kiasi hicho haukuwahi kuonekana kwenye kitu chochote kilichotoka nje ya dunia.

Ingawa hapakuwa na jua wala upepo, maji yalipotea kupitia nyufa kuelekea ombwe la nje, na barafu ilipoanza kurudi ilichangia pia, kwa sababu maji yakiganda huiacha chumvi nje na kuyafanya yanayobaki kuwa mazito zaidi. Madoa meupe kwenye asteroidi kubwa Ceres yana sodiamu kaboneti, na vumbi la barafu linalorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali, linayo pia. Kwa hiyo maji ya magadi si kioja cha Bennu peke yake. Wajapani nao wameikuta sodiamu kaboneti kwenye gramu 5.4 ambazo chombo chao Hayabusa2 kilizileta kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020.

Kwa nini vimondo vilikaa kimya

Vimondo vya aina hiyo hiyo ya mwamba mweusi wenye kaboni vimekuwa vikianguka miaka yote, na makumbusho yana makabati yaliyojaa. Kwa nini basi hakuna aliyeona trona?

Jibu liko kwenye ile sahani ya Pwani. Tarehe 14 Mei 1864 kimondo kiitwacho Orgueil kilianguka kusini mwa Ufaransa. Kimetafitiwa kuliko karibu vimondo vyote, na kwa miaka mingi michirizi yake myeupe ya salfeti ilitajwa kuwa ushahidi wa maji ya kale angani. Mwaka 2001 watafiti Matthieu Gounelle na Michael Zolensky walirudi kwenye maandishi ya watu waliokitazama mwaka 1864 na kukuta kuwa hakuna aliyetaja michirizi hiyo. Ilijitokeza baadaye, ndani ya makabati: unyevu wa hewa uliyeyusha chumvi za ndani, ukazihamisha, zikaganda upya zikiwa kitu kingine. Kimondo kilikuwa kinaandikwa upya na hewa ya Ufaransa.

Chumvi za sodiamu ndizo za kwanza kupotea kwa namna hiyo. Hata mafundi wanaokata na kusugua mawe kwa ajili ya hadubini hutumia maji kama kawaida ya kazi, na maji hayo huzisomba zote kwa dakika chache. Kwa hiyo haikutosha kwenda Bennu. Ilibidi mchanga uchotwe, ufungwe, ushushwe na ufunguliwe bila kupata nafasi ya kuvuta unyevu wa dunia.

Kuchota

Chombo OSIRIS-REx cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiliruka tarehe 8 Septemba 2016 na kufika Bennu Desemba 2018. Mara moja mpango ukaingia matatani. Vipimo vya darubini kutoka mbali vilionyesha sehemu ya juu ya Bennu hupata joto na kupoa haraka, na kwa kawaida mchanga mlaini ndio wenye tabia hiyo, kwani mwamba mgumu hushikilia joto. Wahandisi wakatarajia uwanja laini wenye upana wa mita 50 wa kutua. Walichokuta ni mawe kila mahali, mengine makubwa kama nyumba. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri: mawe ya Bennu yana matundu mengi ndani, na mwamba wa namna hiyo hupoa upesi kama mchanga.

Sehemu iliyochaguliwa, iliyopewa jina la Nightingale, ilikuwa na eneo salama la mita 16 tu, na chombo chenyewe kina ukubwa wa basi dogo la abiria. Mfumo wa leza wa kupima umbali, uliokusudiwa kuwa ndio mwongozaji, haukuwa na usahihi wa kutosha. Badala yake kompyuta ya chombo ilipewa katalogi ya sura ya Bennu, ikawa inapiga picha wakati wa kushuka, inalinganisha, na kujirekebisha yenyewe. Mtu wa duniani hakuweza kusaidia: Bennu ilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya milioni 320, na ishara ya redio ilihitaji zaidi ya dakika 18 kufika. Kompyuta ilikuwa na ramani ya maeneo ya hatari pia, na kama ingetabiri kwamba itagusa jiwe baya, ingepaa yenyewe bila kuomba ruhusa.

Tarehe 20 Oktoba 2020 kiligusa ardhi kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, chini ya mita moja kutoka pale palipolengwa. Mkono wake una urefu wa zaidi ya mita 3, na mwishoni una kichwa cha duara chenye upana wa takriban sentimita 30. Kichwa hakina meno wala koleo. Kinapulizia gesi ya naitrojeni chini kwa nguvu, mchanga unarushwa juu, na gesi inapotoka kupitia wavu wa pembeni mchanga unabaki ndani. Naitrojeni ilichaguliwa kwa sababu ni kavu na haiungani kirahisi na madini. Chini ya kichwa kuna vibandiko vya nyuzi za chuma cha pua vya kunasa vumbi la juujuu, ili pia kuwe na sampuli ya tabaka lililopigwa na jua.

Bennu haikutoa upinzani wowote wa maana. Kichwa kilizama karibu nusu mita, kama mguu unaokanyaga rundo la pumba, na kama chombo kisingewasha injini zake kurudi nyuma kingeendelea kuzama. Pigo hilo dogo liliacha shimo la mita 8. Huo ni ujumbe mzito kwa wanaopanga namna ya kusukuma asteroidi isiigonge dunia: kitu kama hiki hakisukumwi kama jiwe moja.

Mafanikio yalizidi kiasi. Picha za siku mbili baadaye zilionyesha kichwa kimejaa hadi mawe yenye upana wa takriban sentimita 3 yamekwama kwenye kizibo laini cha mailari (plastiki nyembamba), kikashindwa kufunga, na chembe zinavuja angani. Kila mwendo wa mkono ulimwaga zaidi. Mpango ulikuwa kuzungusha chombo kizima huku mkono umenyooshwa ili kupima uzito wa sampuli. Timu ya Dante Lauretta wa Chuo Kikuu cha Arizona iliufuta mpango huo, ikaufuta pia uwashaji wa injini uliokuwa umepangwa, na kufikia tarehe 28 Oktoba kichwa kilikuwa kimefungiwa ndani ya kapsuli bila mtu kujua kimebeba kiasi gani. Naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya safari. Namba ya uzito ingependeza kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, lakini ingelipiwa kwa sampuli yenyewe.

Kushusha na kufungua

Kapsuli ilirudi tarehe 24 Septemba 2023, ikiingia kwenye anga kwa zaidi ya kilomita 44,000 kwa saa na kuangukia jangwa la Utah. Ina upana wa sentimita 81 na uzito wa kilo 46, na ina kichujio maalumu: hewa lazima iingie ndani shinikizo linapoongezeka, la sivyo kopo lingebonyea, lakini inapita kwanza kwenye tabaka zinazokamata unyevu na uchafu.

Parachuti ndogo, ile ya kutuliza kapsuli isipepesuke, haikufunguka kama ilivyopangwa. Uchunguzi ulikuta chanzo kwenye michoro. Upande wa kifaa kinachotuma umeme, neno "kuu" lilimaanisha parachuti kubwa. Upande wa kifaa kinachopokea, neno hilo hilo lilimaanisha baruti inayofungua kifuniko na kutoa parachuti ndogo. Fundi akaunganisha "kuu" kwa "kuu", kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Matokeo: kwenye kimo cha takriban mita 30,000, pale parachuti ndogo ilipotakiwa kutoka, amri iliyofika ikakata kamba yake ingali imekunjwa ndani. Kwenye takriban mita 2,700 ikatolewa, na kwa kuwa kamba ilikwisha kukatwa ikapeperuka mara moja. Parachuti kubwa ilifunguka na ilikuwa imara kiasi cha kuituliza kapsuli peke yake. Ilitua salama, zaidi ya dakika moja kabla ya muda uliotarajiwa. Tarehe 8 Septemba 2004 kapsuli ya chombo Genesis ilijibamiza kwenye jangwa hilo hilo kwa sababu vitambuzi vya mwendo vilikuwa vimewekwa kinyume. Ingetokea hivyo tena, magadi ya Bennu yangechanganyika na tope la chumvi la Utah, na chumvi hizo mbili zisingetenganishika.

Ndani ya saa chache kapsuli ilikuwa ndani ya hema safi, na kopo la sampuli likaunganishwa na mtiririko wa naitrojeni usiokatika hadi Houston, kwenye maabara ya NASA, siku iliyofuata. Pale kulijengwa kabati maalumu za vioo zenye glavu, zilizojaa naitrojeni, na mikono haigusi chochote moja kwa moja. Hata vifaa vya kazi vilichujwa. Nailoni ilipigwa marufuku, kwa kuwa huachia kemikali inayofanana na asidi amino na ingeweza kuharibu hesabu. Vibamba vidogo vya metali viliwekwa wazi katika hatua mbalimbali za safari, vikusanye uchafu wowote uliokuwepo, ili baadaye mtafiti akikuta kitu cha ajabu aulize vibamba kwanza.

Marufuku hayo yana gharama yake. Kichwa kilifungwa kwa bolti 35, na 2 zikagoma. Fundi wa kawaida angeleta spana kubwa zaidi au tone la mafuta, lakini ndani ya kabati lile huruhusiwi kuingiza kitu ambacho hakijaidhinishwa, mafuta ni sumu kwa sampuli, na nafasi ni finyu. Ikabidi vifaa vipya vibuniwe, vitengenezwe kwa chuma cha pua cha daraja la upasuaji kisichovutwa na sumaku, na vifanyiwe majaribio pembeni kwanza. Bolti zilitoka tarehe 10 Januari 2024, zaidi ya miezi mitatu baada ya kapsuli kufika. Wakati huo wote hapakuwa na haraka, kwa sababu gramu 70.3 zilikwisha kukusanywa kutoka nje ya kichwa na pembezoni, na lengo la safari lilikuwa gramu 60. Uzito kamili, gramu 121.6, ulitangazwa Februari 2024. Angalau asilimia 70 itahifadhiwa kwa watafiti wa miaka ijayo, ikiwa imefungiwa kwenye naitrojeni.

Kilichokuwa ndani ya maji ya magadi

Sasa ile habari ya magazeti. Kundi la Daniel Glavin na Jason Dworkin wa kituo cha Goddard cha NASA liliandika kwenye Nature Astronomy kwamba sampuli ina asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hutumia kujengea protini, pamoja na besi zote 5, yaani "herufi" za vinasaba, zinazotumika katika DNA na RNA. Amonia imo kwa wingi, takriban sehemu 230 kwa kila milioni. Amonia hupukutika kirahisi panapo joto, na wingi huo unaonyesha kwamba barafu ya mama wa Bennu ilitoka sehemu za baridi sana, mbali na jua.

Swali la kwanza la mtu makini ni kama si uchafu wa mikono ya watu. Kuna njia tatu za kulijibu. Asidi amino huwa na umbo la kushoto na la kulia. Viumbe hai hutumia la kushoto, na za Bennu ziko karibu sawa kwa sawa, jambo ambalo jasho au bakteria haviwezi kulitoa. Pili, mna asidi amino nyingine nyingi zisizotumika kwenye protini kabisa. Tatu, naitrojeni yake ina naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni, kupita kiwango cha dunia. Usawa huo wa kushoto na kulia umeleta mjadala, kwa sababu baadhi ya vimondo, kama Murchison kilichoanguka Australia mwaka 1969, vilionyesha ziada ya upande wa kushoto, na watu walianza kuamini kuwa anga ndiyo iliyoichagulia dunia upande. Bennu haiungi mkono wazo hilo.

Hakuna uhai uliopatikana Bennu, na anayesema vinginevyo anapotosha. Kilichopatikana ni viungo na mahali vilipokuwa vikikutana. Hapa magadi yanarudi na uzito wao. Kwa miaka mingi wanakemia wanaotafiti asili ya uhai walikwazwa na fosfeti. DNA, RNA na utando wa seli vyote vinaihitaji, lakini kwenye maji ya kawaida kalsiamu huikamata na kuifanya jiwe lisiloyeyuka. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha njia ya kutoka: katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti huiwahi kalsiamu, na fosfeti hubaki huru majini. Miongoni mwa maziwa waliyoyataja ni Ziwa Magadi la Kenya. Ndiyo sababu moja ya maziwa ya namna hiyo kujaa mwani, na heroe kufuata mwani. Sasa tazama sampuli ya Bennu: fosfeti za sodiamu zinazoyeyuka, kando ya sodiamu kaboneti, kando ya amonia na asidi amino. Kemia inayolisha heroe wa Bonde la Ufa ilikuwepo ndani ya jiwe kabla ya dunia kuwa na bahari.

Tarehe 2 Desemba 2025 sukari ziliongezwa kwenye orodha. Yoshihiro Furukawa wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, na wenzake walipata raibosi, sukari inayounda uti wa RNA, na glukosi, ambayo haikuwahi kuonekana kwenye sampuli yoyote kutoka nje ya dunia. Dioksiraibosi, ile ya DNA, haikuonekana. Wanaoamini kwamba RNA ilitangulia DNA wamepata hoja.

Aprili 2029

Chombo chenyewe hakikutua. Kiliidondosha kapsuli, kikakwepa dunia, kikapewa jina jipya la OSIRIS-APEX na safari ya kwenda asteroidi Apophis. Tarehe 23 Septemba 2025 kilipita kilomita takriban 3,400 juu ya dunia ili mvutano wake ukikunjie njia. Mkono wa kuchotea bado kinao, lakini hakina kapsuli nyingine. Kitashuka karibu na Apophis na kuitimua ardhi yake kwa moshi wa injini, kuona kilicho chini.

Apophis yenyewe itapita usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kilomita takriban 32,000 kutoka uso wa dunia, chini ya njia ya satelaiti za televisheni. Haitatugonga. Ina upana wa takriban mita 340, na Afrika ni moja ya sehemu bora za kuitazama. Itakaribia zaidi saa 6 na dakika 46 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kuamkia tarehe 14, ikiwa juu ya Atlantiki. Kwetu saa za kuitafuta ni kabla ya hapo, baada ya giza kuingia kikamilifu. Usisubiri mkia wala mwako. Itakuwa nukta kama nyota ya wastani inayosogea kutoka mashariki kuelekea magharibi, polepole kuliko satelaiti lakini kwa namna inayoonekana ukiilinganisha na nyota jirani kwa dakika chache. Mwezi utakuwa mwandamo, kwa hiyo giza litakuwepo. Taa za mji ndizo zitakazoizima, na darubini ya mkono ya 7x50 itakuokoa ikiwa hujatoka mbali vya kutosha.

Tatizo letu ni masika. Katikati ya Aprili ndiyo kilele cha mawingu Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, na anayetegemea baraza ya nyumbani anaweza kuona wingu tupu. Mwenye uwezo wa kusafiri apange kwenda upande mkavu, kama Turkana, na afuate picha za mawingu za satelaiti siku mbili kabla badala ya kuamini utabiri wa wiki.